Kusawazisha kabureta hakufufui silinda iliyolala

SWALI: Nina pikipiki ya mwaka 1981 yenye silinda nne na kabureta nne. Ikiwa kwenye silensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kuvuta aksileta, hutetemeka na kumisi, na bomba la moshi la silinda ya tatu halipati joto kama mengine. Nimezungusha skurubu za mchanganyiko wa hewa na petroli mara kadhaa bila mafanikio. Je, naweza kusawazisha kabureta nyumbani kwa mpira wenye mafuta, au ni lazima ninunue geji ya kupima mvuto?

JIBU: Mpira wa mafuta unafaa, na nitaueleza, ila kwa dalili ulizoandika wakati wake haujafika. Bomba lisilopata joto maana yake ni kwamba silinda yake haichomi petroli, na hakuna usawazishaji utakaoiwasha.

Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu yote yana dhana ileile, kwamba kusawazisha ni kugawa petroli sawasawa. Sivyo. Kinachosawazishwa ni vipepeo, yaani vibamba vinavyofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta, ili vyote vinne vifunguke kwa kiasi kimoja na kila silinda ivute hewa sawa na mwenzake. Skurubu za mchanganyiko zina kazi nyingine kabisa, na anayezizungusha kwa kusikiliza mlio huvuruga mpangilio uliokuwa sahihi huku ule wenye kasoro ukibaki vilevile. Hata geji inaweza kukudanganya: pistoni ya silinda iliyolala bado hupanda na kushuka na kuvuta hewa, kwa hiyo usomaji wake unaweza kulingana na wa zile zinazowaka, nawe ukaamini kazi imekwisha.

Basi anza hivi. Washa injini ikiwa baridi, iache kwa dakika moja, kisha udondoshe tone la maji kwenye kila bomba, karibu na kichwa cha injini. Matatu yatachemka na kukauka. Tone la bomba baridi litateleza likiwa zima. Badilishana plagi ya silinda hiyo na ya jirani yake. Ikiwa ubaridi haukuhama na cheche ni nzuri, fungua kabureta ya tatu uitazame slojeti, yaani jeti ndogo inayopitisha petroli ya silensa, kwenye mwanga. Tundu lake halifiki hata nusu milimita, na petroli iliyolala humo kwa miezi huacha gundi inayotosha kuliziba. Lisafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, kamwe si kwa waya wa chuma. Rudisha skurubu za mchanganyiko kwenye idadi ya mizunguko iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako, ukizifunga kwanza taratibu hadi ziguse, maana ukizikaza, ncha huvunjikia ndani ya tundu. Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi, kwa kuwa valvu isiyofunga vizuri hupunguza mvuto wa silinda. Mwisho, nyunyizia maji mipira inayounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira una ufa unaoingiza hewa.

Sasa mpira wa mafuta. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upinde kwa umbo la U kwenye ubao mrefu, utie mafuta mepesi hadi katikati, kisha unganisha ncha zake na vitundu vya kupimia mvuto vya silinda ya kwanza na ya pili. Ni kipimo chenye hisia kali, kwa kuwa tofauti ya sentimita 1 ya zebaki huonekana kama sentimita 15 hivi za mafuta. Mafuta yakikimbilia upande mmoja, zima injini mara moja. Yakiingia kidogo, yatatoa moshi tu. Zebaki usiitumie, kwa sababu mvuke wake ni sumu. Fanya kazi nje, injini ikiwa imepata joto, huku feni ikiipuliza kwa mbele. Sawazisha ya kwanza na ya pili, kisha ya tatu na ya nne, halafu skurubu ya katikati ilinganishe jozi hizo mbili. Kila mara vuta aksileta kidogo, uiachie, ndipo usome.

Kinachonisikitisha zaidi ni mafundi wanaotoboa jeti kwa keekee ili petroli ipite kwa wingi. Hivi karibuni nilifungua kabureta nne ambazo jeti zake zote zilikuwa zimepanuliwa, kila moja kwa kipimo chake, na plagi zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Petroli ya ziada ilikuwa imeosha mafuta kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha. Mwenye pikipiki aliambiwa imesawazishwa kwa sikio. Sikio linaweza kutambua kwamba injini inamisi, lakini haliwezi kupima tofauti ndogo ya mvuto kati ya silinda nne, na tundu lililotobolewa halirudi udogo wake. Fundi akikuomba keekee kabla hajaomba geji wala kupima valvu, chukua pikipiki yako uondoke.