"If I had" haisemi jana

Uliuliza kwa nini "If I had money, I would buy a plot" ina kitenzi cha wakati uliopita ilhali mtu anazungumzia leo. Hapo "had" haisemi jana, inasema pesa hazipo. Kiingereza hakina kiambishi kama -nge-, kwa hiyo hukirudisha kitenzi nyuma hatua moja: ningekuwa na pesa, ningenunua kiwanja. Nafasi ikiwa imeshapita, pale penye -ngeli-, hukirudisha hatua nyingine: "If I had had money, I would have bought it." Hizo "had" mbili si kosa la uchapaji.

Kinachotuponza sana ni kwamba sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, basi tunaandika "If I would have money, I would buy." Usifanye hivyo. Katika sentensi za namna hii "would" hukaa upande wa matokeo tu.

Na "If I were you" ni sahihi kabisa, ni mabaki ya umbo la kale la kudhania. "If I was" utaisikia mara nyingi, ila kwenye mtihani andika "were".