Hilux kuvuta tela la boti Bagamoyo mpaka Tanga: ile tani 3 na nusu sio yako yote

Mkuu umeuliza kama Hilux yako dabo kebini itavuta boti ya faiba toka Bagamoyo mpaka Tanga, na kama watu wa mizani watakusumbua. Njia hiyo ya Msata, Segera, Muheza nimevuta sana maboti, nakujibu nnavyojua.

Hiyo tani 3 na nusu uliyoiona mtandaoni kwamba Hilux inavuta ni ya tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, Hilux hiyohiyo mwisho kilo 750, na matela mengi yanayochomelewa mtaani hayana breki kabisa, ni ekseli ya gari bovu na springi zake basi. Boti, injini na tela lenyewe, 750 ushaipita zamani.

Halafu kuna uzito wa vyote pamoja, huu ndo watu hawausomi. Tuseme kitabu cha gari kinasema gari na tela visizidi kilo 5,850, na gari ikijaa ni 3,050, basi ukijaza gari tela linabakiwa na 2,800, ile 3,500 ishakufa hapo. Na tela linakandamiza boli la nyuma linaposhikia gari, kama asilimia 10 ya uzito wake, kilo hizo ni mzigo wa gari, sasa mtu akifika Muheza akakuta machungwa bei poa akatupia magunia nyuma, gari inainua pua na usukani unakuwa mwepesi. Usije ukakwepa kwa kusukumia mzigo mkiani mwa tela, litaanza kuyumba, hasa kwenye mteremko.

Mizani: sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, kuanzia kilo 3,500 unapimwa, mizani ni ya TANROADS. Pikapu tupu haifiki huko ila na tela la boti unafika kirahisi. Mi huwa naingia tu, bora hizo dakika kuliko kukimbizwa.

Leseni usifuate video za Uingereza, wale tangu 16 Desemba 2021 leseni ya gari ndogo inawaruhusu tela mpaka kilo 3,500, ya kwao hiyo. Huku tela linasajiliwa TRA, lina namba yake na kadi yake, na leseni ya daraja D, ile ya gari ndogo binafsi, haihusu gari za biashara, so kama boti ni ya mteja anakulipa D yako haitoshi.

Piga picha ukurasa wa uzito kwenye kitabu cha gari na kadi ya tela, weka hapa tukupigie hesabu.