Mbu na mbizi za Bonaire mwezi Novemba: ubebe nini, upake lini, na unapougua utafanyaje

Mkuu, umesema unakwenda Bonaire, kisiwa cha Karibi, wiki mbili mwezi Novemba kupiga mbizi za ufukweni, umesikia mbu hujaa baada ya mvua, na umeuliza dawa gani ya kupaka ubebe na kama kuna haja ya kumeza kinga ya malaria. La malaria ni jepesi: Bonaire haina malaria, kwa hiyo kwa kisiwa hicho usimeze chochote. Nitakapofika kwenye homa nitalirudia, maana lina upande wa pili ambao wengi wetu hatuufikirii.

La mbu ndilo refu. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea mbu wa malaria, anayeuma usiku, na kinga yetu ni chandarua. Wa Bonaire wa kuchunga ni Aedes aegypti, mdogo, mweusi, mwenye mistari meupe miguuni, na huyo huuma mchana. Hushamiri saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 10 jioni hadi jua lizame, na kivulini au ndani ya nyumba huuma saa yoyote ya mchana. Huyo ndiye hubeba dengi, chikungunya na Zika. Si mgeni kwetu: Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019, na neno chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, kwa sababu ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na 1953. Karibi iliupata mwishoni mwa 2013, ukaanzia Saint Martin na kusambaa visiwa vingine kwa miezi michache tu.

Sasa linganisha saa hizo na siku ya mpiga mbizi. Asubuhi upo ufukweni unafunga mtungi. Katikati ya mbizi mbili umekaa chini ya mti, umevua suti hadi kiunoni, mgongo wazi, ngozi ina maji, unahema kwa nguvu. Mbu huvutwa na hewa tunayoitoa puani, joto la mwili na rangi nyeusi, na suti nyingi za mbizi ni nyeusi. Mchana unarudi kulala kidogo. Jioni unajiandaa kwa mbizi ya usiku. Yaani saa zako zote za kuwa nchi kavu ndizo saa zake za kula. Ndani ya maji uko salama kabisa, kwa hiyo mpango wote ni wa nchi kavu.

Dawa ya kupaka isiwe ndiyo nguzo ya kwanza. Ukipaka kisha ukaingia majini saa nzima, imeoshwa na imekwenda kwenye matumbawe. Ni hasara mara mbili. Nguzo ni upepo, nguo na maji yaliyotuama, kisha dawa huja kuziba penye mwanya.

Upepo kwanza, kwa sababu haugharimu kitu. Bonaire hupigwa na upepo wa mashariki karibu mwaka mzima, na vituo vingi vya mbizi, vile vilivyowekewa mawe ya rangi ya njano kando ya barabara, viko upande wa magharibi. Kusini mwa kisiwa, kuanzia gati la chumvi liitwalo Salt Pier kushuka, nchi ni tambarare, haina miti, upepo unakatiza moja kwa moja: pale unaweza kupumzika kati ya mbizi bila usumbufu mkubwa. Kaskazini, penye majabali na vichaka, upepo hukatika chini ya genge, na hapo ndipo vifundo vya miguu huliwa. Kwa hiyo siku tulivu nenda kusini. Ukiwa na mbizi mbili za siku moja, ya kaskazini ifanye saa 4 asubuhi na kuendelea, na mapumziko ukayafanyie sehemu ya wazi. Ghuba ya Lac na mikoko yake ni nzuri mchana, ila ondoka kabla ya saa 11 jioni, kwa sababu mikokoni wapo pia mbu wa maji ya chumvi, ambao hutoka kwa wingi siku chache baada ya mvua, na hao huuma mchana na usiku. Mvua za Bonaire huangukia zaidi Oktoba hadi Januari, hivyo Novemba umo ndani ya msimu. Upepo ukitulia siku mbili tatu mfululizo, na hutokea tufani zinapopita mbali kaskazini, tarajia mbu kila mahali.

Utaratibu wa kutoka majini ni huu, na ufuate kwa mpangilio wake. Beba dumu la lita 5 la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kwenye gari. Vua suti yote, usiishie kiunoni. Jimwagie lita 2 hivi kuondoa chumvi, jikaushe kwa taulo kikweli, kwa sababu dawa haishiki ngozi yenye maji wala chumvi. Vaa shati la mikono mirefu na suruali pana, vyote vya rangi ya kupauka. Kitambaa kinachobana hakisaidii, mbu hukichoma mdomo na kupita. Halafu ndipo upake dawa mahali palipobaki wazi: vifundo, nyayo kwa juu, mikono, shingo, nyuma ya masikio. Usisahau vifundo, huyu Aedes hupenda kuuma chini. Kama unapaka mafuta ya kujikinga na jua, yatangulie, subiri dakika 15 hadi 20, ndipo dawa ya mbu ifuate juu yake. Na uangalie lebo ya hayo mafuta ya jua: Bonaire iliamua kupiga marufuku, kuanzia 2021, yenye oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya matumbawe.

Dawa ipi? Kwa mpiga mbizi nachagua pikaridini ya asilimia 20. Sababu ni vifaa. DEET ni dawa nzuri na imethibitishwa kwa miaka mingi, ya asilimia 20 hadi 30 hukupa saa 4 hadi 6, lakini huyeyusha plastiki. Kioo cha kompyuta ya mbizi, fremu ya miwani, vishikizo vya jaketi la kuelea, kasha la kamera: vyote vikiguswa na vidole vyenye DEET hupata ukungu na nyufa ndogo zisizofutika. Hata nyuzi za kunyumbulika zilizomo kwenye kitambaa cha suti huharibika. Pikaridini haina tabia hiyo, na ya asilimia 20 hufika saa 8 kama hujaingia majini. Ukiwa na DEET tayari, itumie jioni tu baada ya vifaa kuwekwa.

Iwe hii au ile, osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika miwani na kipumulio. Mabaki ya dawa ndani ya kioo huleta ukungu usioisha kwa mate wala kwa sabuni ya kuzuia ukungu, na kwenye kipande cha mdomoni hukupa uchungu na ganzi ya midomo mbizi nzima. Paji la uso liache bila dawa: maji yakitiririka huingia machoni, na mita 18 chini huwezi kufikicha jicho.

Kiasi: mtu mmoja hutumia takriban mililita 3 kila anapopaka, mara 4 kwa siku. Siku 14 ni kama mililita 170. Kwa hiyo chupa mbili za mililita 100 zinatosha, na ukubwa huo hupita hata kwenye mzigo wa mkononi wa ndege.

Permethrini ni ya nguo, si ya ngozi. Ya asilimia 0.5 unainyunyizia shati, suruali na soksi ukiwa bado nyumbani, siku mbili kabla ya safari, unaanika kivulini mpaka zikauke kabisa. Hudumu karibu wiki 6 au mafuo 6. Kitu kimoja usikifanye kamwe: usiinyunyizie suti ya mbizi, rashigadi (fulana ya kuogelea), wala taulo la ufukweni. Permethrini huua samaki na wadudu wa majini hata ikiwa kidogo sana, nawe unakwenda pale kwa ajili ya hao samaki. Nguo zilizonyunyiziwa usiingie nazo baharini.

Sasa jambo ambalo karibu kila kundi la wapiga mbizi hukosea. Nyumba nyingi za wageni Bonaire zina beseni kubwa nje la kuoshea vifaa, la lita 100 au zaidi, maji baridi, kivulini. Hayo ni mazalia kamili. Aedes hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 katika joto lile. Ukikaa wiki mbili na beseni lile lile, wiki ya pili unaumwa na mbu uliowafuga mwenyewe. Kumwaga maji tu hakutoshi, kwa sababu mayai hubaki yamenata na hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri maji yapande tena. Siku ya kufika, limwage, lisugue kuta kwa brashi ngumu, ndipo ujaze. Baada ya hapo limwage kila jioni na ulilaze kifudifudi. Dawa ya kufulia yenye klorini usiitie, itakula mpira na kushona kwa vifaa. Viatu vya mbizi vitundike soli juu, ndoo zifunikwe, na sahani za chini ya vyungu vya maua zimwagwe.

Gari nalo. Bonaire wapiga mbizi hawaachi kitu cha thamani ndani ya gari, na wengi huacha milango bila kufungwa na vioo chini ili mwizi asivunje. Ni busara, lakini ukirudi utakuta mbu wamejificha chini ya dashibodi. Fungua milango yote miwili watoke, ifunge, kisha endesha taratibu mita 200 vioo vikiwa chini, ndipo uvipandishe.

Ndani ya nyumba, uliza kabla ya kulipia kama madirisha yana wavu na kama chumba kina kiyoyozi. Feni iweke sakafuni ielekee miguu, maana mbu hawezi kuruka vizuri dhidi ya upepo wake. Chandarua ukibeba, kitumie ule usingizi wa mchana hasa. Dawa ya kuwasha yenye moshi iwe ya barazani, kamwe si chumbani, wala si karibu na kompresa inayojaza mitungi: moshi unaovutwa pale utaupumua chini ya maji.

Jioni utakutana na usubi pia, wale wadogo kama punje ya pilipili, hasa kwenye mchanga wenye unyevu karibu na mikoko. Hupenya wavu wa kawaida wa mbu. Kwao feni hufanya kazi kuliko dawa.

Ukiumwa na mbu, osha kwa sabuni na maji baridi, paka krimu ya mwasho ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kidogo. Usikune: kidonda kinacholoweshwa maji ya bahari kila siku hakifungi, na ukingo wa suti hukisugua kikawa usaha. Piriton usiimeze kabla ya kupiga mbizi, usingizi wake hujumlishwa na ulevi wa naitrojeni, ule unaompata mpiga mbizi akishuka kina kirefu. Kama lazima, meza dawa ya mzio isiyolevya, tena usiku.

Homa. Dengi huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa, hivyo hutokea wiki ya pili au ukiwa umerudi. Joto hupanda ghafla hadi nyuzi 39 au 40, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo vyote. Ugonjwa wa mgandamizo wa wapiga mbizi, wa viputo vya gesi vinavyojitokeza mwilini mtu akipanda kutoka kilindini, nao huleta maumivu ya viungo, ila kwa kawaida hauna homa, hushika bega au kiwiko kimoja, na hujitokeza ndani ya saa 24 baada ya kutoka majini, mara nyingi mapema zaidi. Ganzi, udhaifu wa mguu au kizunguzungu baada ya mbizi usivisingizie mbu: pumua oksijeni safi na uende hospitali, mji mkuu, Kralendijk, una chumba cha mgandamizo cha kuutibu. Kwa homa meza parasetamoli peke yake. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu katika dengi. Homa ikishuka halafu tumbo likauma sana, ukatapika mfululizo au fizi zikatoa damu, hiyo ndiyo saa ya hatari, rudi kwa daktari. Mwenye homa hapigi mbizi.

Na ule upande wa pili wa malaria: unaweza kuibeba kutoka nyumbani. Kisiwa kisicho na malaria, daktari hawezi kuifikiria haraka. Mwambie mapema umetoka Tanzania au Kenya, na uombe kipimo cha malaria pamoja na cha dengi. Safari ikiendelea hadi Jamhuri ya Dominika, Haiti au Roatán ya Honduras, huko malaria ipo na kinga ya kumeza uijadili na daktari kabla ya kuondoka. Mkumbushe unapiga mbizi, ili asikupe meflokwini: kizunguzungu na wasiwasi wake hufanana mno na dalili za ugonjwa wa mgandamizo.

Kadi ya homa ya manjano ibebe. Visiwa vingi vya Karibi huidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla.

Ukirudi, endelea kupaka dawa mchana kwa wiki 3 hata kama hujisikii mgonjwa. Wengi walioambukizwa dengi au Zika hawaoni dalili, na Aedes wa Tanga au Mombasa akikuuma siku hizo anaweza kupeleka virusi hivyo kwa jirani.