Sabufa bila kung'oa redio ya gari

SWALI: Nina Toyota Fielder, redio ni ile ile iliyokuja nayo. Nimepata sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4, na amplifaya ya wati 300. Fundi aniambia lazima redio ing'olewe kwa kuwa nyuma haina matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya. Ni kweli?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hapana, iache redio yako. Itazame amplifaya kwanza: nyingi za siku hizi zina tundu la kupokea nyaya za spika moja kwa moja, na huwaka zenyewe zikihisi volti kwenye nyaya hizo. Yako ikikosa, nunua kigeuzi cha kutoa RCA kutoka kwa nyaya za spika.

Sauti idokoe kwenye nyaya za spika za nyuma. Kwenye Toyota nyingi, ya kulia ni nyekundu chanya na nyeupe hasi. Ya kushoto ni nyeusi chanya na manjano hasi. Hiyo nyeusi ndiyo inayowakoroga mafundi. Wakiiona wanaifanya hasi, upande mmoja unageuka kinyume cha mwenzake, na besi za pande mbili zinamezana. Sabufa inanong'ona, kisha lawama inaiendea amplifaya. Hakikisha kwa mita ya kupimia umeme kabla ya kukata chochote.

Umeme uvute kutoka betri kwa waya ya geji 8 ya shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Weka fyuzi ya ampea 40 isiyozidi sentimita 45 kutoka betri. Usiseme amplifaya ina fyuzi yake: hiyo iko mwisho wa safari. Waya ikichunika pale inapopenya ukuta wa injini na kugusa bodi, ya karibu na betri ndiyo itakayokuokoa na moto. Tundu hilo pia livishe raba.

Waya hasi ya amplifaya ifunge kwenye bodi ndani ya buti, isizidi nusu mita. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi. Hapa Mombasa chumvi ya hewani hailazi damu. Chuma kilichoachwa wazi hushika kutu upesi.

Koili mbili ukiziunga sambamba unapata omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ukizifuatanisha omu 8. Soma kwenye amplifaya kama inahimili omu 2. Ikihimili, na wati 300 zikiwa ni za omu 2, tenganisha sabufa, zima besi za ziada, weka sauti ya redio robo tatu, cheza mlio wa hezi 50, kisha panda na kitasa cha geini, kinachoilinganisha amplifaya na redio, mpaka mita kwenye matundu ya spika ya amplifaya isome volti 24 za AC. Kitasa hicho si cha kuongeza sauti, hata kama jirani anakizungusha hivyo. Chujio la kupitisha besi pekee liweke hezi 80.

SWALI: Nimefunga amplifaya, sasa spika zinalia ngiii, na nikikanyaga mafuta mlio unapanda. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Huo ni mlio wa altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Injini ikiwa inanguruma, chomoa RCA kwenye amplifaya. Mlio ukibaki, kosa ni la waya hasi inayofungwa kwenye bodi: kwangua upya na ukaze. Ukikoma, unaingilia kwenye RCA. Yamkini umeilaza pamoja na waya ya betri. Hamishia moja upande wa pili wa gari.