Mwalimu wa chekechea anataka kugombea Malindi: aache kazi lini, na chama ni lazima?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nimeajiriwa na kaunti kwa mkataba, na naishi wadi ya Shella hapa Malindi. Kura yangu bado iko Ganda kwa wazazi. Nataka kugombea kiti cha baraza la manispaa mwaka 2027, bila chama. Wengine waniambia lazima niache kazi kwanza, wengine wasema mkataba hauhesabiki. Kuna wasemao bila digrii nisijisumbue, na kwamba mwanamke ni heri asubiri kuteuliwa. Nifanye nini, na lini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tuanze na jina la kiti, maana ukilikosea utapoteza miezi ukibisha mlango usio wako. Baraza la manispaa tulilolijua, lenye meya na madiwani, lilikwisha uchaguzi wa 2013 ulipoleta serikali za kaunti. Siku hizi ipo bodi ya manispaa, lakini wajumbe wake hawapigiwi kura na wananchi. Kiti unachokitaka ni cha mwakilishi wadi, MCA, katika Bunge la Kaunti ya Kilifi. Naelewa kwa nini watu huchanganya: gavana ana makao yake Kilifi, lakini bunge la kaunti linakaa hapa hapa Malindi. Na kila unapojaza fomu andika kaunti na eneobunge pia, kwa sababu Lamu nako kuna wadi ya Shella.

Sasa kazi yako. Katiba, kifungu cha 193, inamzuia mtumishi wa umma kugombea kiti hiki, na Sheria ya Uchaguzi inamtaka ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Uchaguzi mkuu hufanywa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na mwaka 2027 siku hiyo ni tarehe 10. Ukihesabu kurudi nyuma, barua yako iwe imeshapokewa ifikapo 9 Februari 2027. Hiyo habari ya mkataba usiitegemee. Unalipwa na kaunti kwa kazi ya kaunti, na mpinzani wako hatakosa wakili wa kusema wewe ni mtumishi wa umma. Hata ukishinda hoja hiyo, utakuwa umeshinda baada ya wiki kadhaa za kukaa kortini wakati wenzako wako mitaani wakiomba kura.

Barua ipeleke mwenyewe, nakala mbili, moja upigiwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usimpe mtu akupelekee. Na mpaka siku hiyo ifike, usipande jukwaani wala usigawe picha zako, kwa kuwa mtumishi wa umma haruhusiwi kufanya kampeni. Najua ninachokuomba. Februari mpaka Agosti inapita katikati ya masika, wageni wakiwa wamekwenda zao na pesa mjini ni za kutafuta. Kaeni kama familia mjue mtakula nini miezi hiyo kabla hujaandika neno lolote, maana barua ikishapokewa hairudi.

Kuhusu kura yako iliyo Ganda, Katiba inamtaka mgombea awe mpiga kura aliyeandikishwa, basi. Haisemi aandikishwe katika wadi anayoigombea. Lakini ukiiacha kule hutaweza kujipigia. Ihamishe mapema kupitia ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, kabla orodha haijafungwa.

Kugombea bila chama kunaruhusiwa, kwa masharti mawili. La kwanza, usiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura, yaani uwe umetoka kabla ya 10 Mei 2027. Usiniambie hujawahi kujiunga. Wakenya wengi walijikuta kwenye orodha za vyama ambavyo hawakuvijua hata majina. Angalia jina lako kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa kupitia eCitizen, wiki hii hii, na ukilikuta andika kujitoa na uhifadhi ushahidi.

La pili ndilo linalowaangusha watu. Unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500, na wote wawe wameandikishwa katika wadi hiyo hiyo. Malindi hili ni gumu kuliko linavyosikika. Watu wanaokujua wamejaa sokoni na kwenye tuktuk, lakini mama unayenunua mchicha kwake huenda kura yake iko Kakuyuni, dereva wa tuktuk anapigia Jilore, na jirani yako wa miaka kumi anarudi Magarini kila uchaguzi. Hata wewe mwenyewe kura yako iko Ganda! Kwa hiyo usiulize mtu anaishi wapi. Muulize anapigia kura kituo gani, kisha lihakikishe jina lake kwenye daftari kwa namba ya kitambulisho. Sahihi aweke mwenyewe, si mume kumwekea mke wala mtoto kumwekea mzee. Ukiweza, chukua wasio wanachama wa chama, usimpe mtu pa kukushikia. Na usisimame kwenye 500. Mimi ningekusanya 800, kwa sababu yakifutwa majina 20 kwenye orodha ya 500 kamili, huna tena uteuzi, yaani kibali cha IEBC cha kugombea.

Ada ya uteuzi katika uchaguzi wa 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake, 2,500, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Digrii isikukoseshe usingizi: sharti hilo kwa MCA lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2021.

Wanaokwambia usubiri kuteuliwa hawajakueleza kwamba viti hivyo maalumu hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi walivyoshinda, kutoka orodha ambazo vyama vyenyewe vimeziandika. Mgombea huru hana orodha. Ukisubiri nje ya chama, unasubiri mlango usiofunguka upande wako. Nami natamani sana kuona jina la mwalimu wa chekechea kwenye karatasi ya kura, kwa sababu elimu ya awali ni kazi ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba. Msingi na sekondari ni za serikali kuu. Darasa lako lisilo na choo linajadiliwa katika bunge hilo unalolitaka, makadirio ya bajeti yanapoletwa kila mwaka kabla ya mwisho wa Aprili. Waambie wapiga kura hivyo, na chunga ahadi za karo. Ukiahidi basari utaulizwa kila Ijumaa nje ya msikiti na kila Jumapili nje ya kanisa.

Mwisho, mawakala, yaani watu watakaokuwakilisha vituoni. Kila kituo hujaza fomu 36A yenye matokeo ya kiti chako, na jumla ya wadi huingia kwenye 36B. Ukitaka kupinga matokeo una siku 28 baada ya kutangazwa, katika korti ya hakimu, na utaweka dhamana ya shilingi 100,000. Bila nakala za 36A utakuwa na manung'uniko tu. Tafuta tangu sasa mtu mmoja kwa kila kituo, atakayekaa hadi hesabu iishe usiku wa manane na kutoka na nakala yake mkononi.