Kutafuta ukoo wa Kiingereza: uulize vipi ujibiwe

"Natafuta habari za John Taylor wa London, alizaliwa miaka ya 1850. Nani anisaidie?" Wanaoanza wengi huja na swali la namna hii, na halijibiki. Akina John Taylor wa London wa umri huo walikuwa chungu nzima. Watafiti wazoefu wa nasaba, ambao wengi ni watu wa kawaida wanaojitolea baada ya shughuli zao, hulipita tu. Si kiburi, ni kwamba hawana pa kushika.

Wape pa kushika. Taja jina, mwaka hata kama ni wa kukadiria, kaunti, na mtu mmoja aliyehusiana naye: mke, baba au mtoto. Kisha useme kila jambo umelipata wapi. "Bibi alisema" ni chanzo halali, mradi ueleze kwamba ni bibi ndiye aliyesema. Taja pia ulikokwisha kutafuta ukakosa, ili mwenzako asiichimbe tena kazi uliyoimaliza. Kama umempata kwenye sensa, toa namba kamili ya rekodi. Ya 1861 huanza na RG 9, ya 1871 RG 10, ya 1881 RG 11, halafu hufuata namba ya fungu (piece), ya karatasi (folio) na ya ukurasa (page). Kwa namba hizo mtu aliyeko Australia atafungua ukurasa uleule unaoutazama wewe.

Kaunti nayo iwe ya zama zile. West Ham, ambayo leo imo London, ilikuwa Essex hadi 1965, na mipaka mingi ilichorwa upya tarehe 1 Aprili 1974, ndiyo maana Saddleworth ya Yorkshire leo imo Greater Manchester. Jina la mahali peke yake halitoshi: kuna Newport ya Isle of Wight, ya Essex na ya Shropshire.

Utafutaji wenyewe huenda kinyumenyume, kuanzia kwa mtu unayemjua kwa hakika. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na faharasa zake za zamani zimepangwa kwa robo za mwaka. Robo hiyo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili, hivyo mtoto wa Desemba 1868 mtafute pia katika robo ya Machi 1869, yaani ya Januari hadi Machi.

Faharasa kuu za bure ni mbili, na inafaa uzitumie zote. Ya tovuti ya FreeBMD imenakiliwa na watu wa kujitolea kutoka faharasa za zamani, na kwa vizazi inaonyesha jina la ukoo la mama kuanzia robo ya Septemba 1911 tu. Faharasa ya mtandaoni ya General Register Office yenyewe, ofisi kuu ya serikali ya usajili, inalo jina hilo tangu 1837, ila haina ndoa. Kwa ndoa za kabla ya 1912 rudi FreeBMD ulinganishe wilaya, juzuu na ukurasa. Mwanamume na mwanamke wenye namba zilezile huenda walioana. Nasema huenda, kwa kuwa ukurasa mmoja una ndoa zaidi ya moja.

Hapo ndipo wengi husimama na kutangaza wamempata babu. Faharasa ni njia ya kukipata cheti tu. Kama fedha ni ya kuokoteza, cheti cha kwanza kununua kiwe cha ndoa, kwani kinafungua koo mbili kwa mpigo. Kisome safu kwa safu. Umri ukiandikwa "full age", maana yake mhusika alisema ametimiza miaka 21. Anaweza kuwa na 22 au 60. Bwana na bibi harusi wakiwa na anwani moja, usiseme walikuwa wakiishi kinyumba. Mara nyingi anwani ilitolewa hivyo ili tangazo la ndoa lisomwe katika parokia moja badala ya mbili. Safu ya baba ina jina na kazi yake, lakini mtoto wa nje ya ndoa aliweza kumtaja babu yake, au baba wa kubuni, kuficha aibu. Mama usimtafute humo: majina ya mama yalianza kuingizwa kwenye rekodi za ndoa tarehe 4 Mei 2021. Soma pia majina ya mashahidi. Shahidi mwenye jina la ukoo lilelile mara nyingi ni ndugu, na huyo ndiye atakayekutenganishia William wawili wa kijiji kimoja.

Cheti cha kuzaliwa kina mtego wake katika safu ya mama. "Mary Carter, late Hill, formerly Brown" haina maana kwamba Mary alikwisha kufa. Alizaliwa Brown, akaolewa na Hill, kisha akawa mke wa Carter. Anayesoma "late" kama marehemu humzika mama ambaye bado ananyonyesha. Saa ya kuzaliwa ikiandikwa kando ya tarehe, tafuta pacha. Safu ya baba ikiwa tupu, wazazi hawakuwa wameoana. Kuanzia 1875 baba wa namna hiyo aliandikwa tu ikiwa alikwenda kwa msajili pamoja na mama na kutia sahihi.

Sensa zipo kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na pengo hilo huzibwa kwa kiasi na Daftari la wakazi (1939 Register) la tarehe 29 Septemba 1939. Ya 1841 isome kwa tahadhari: wenye zaidi ya miaka 15 umri wao kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya chini, hivyo wa 24 akaandikwa 20, na uhusiano wa watu wa nyumba moja hautajwi. Ukimkosa mtu, tatizo mara nyingi ni jina. Karani aliandika alichosikia, na kwa Waingereza wengi H hudondoka mdomoni, Harrison akawa Arrison, kama R na L zinavyopokezana kwa baadhi yetu. Jaribu pia majina ya nyumbani: Polly ni Mary, Nancy ni Ann, Jack ni John.

Nyuma ya 1837 unaingia kwenye madaftari ya parokia, yaliyoamriwa kuanzia 1538, ingawa si parokia zote zilizohifadhi ya mwanzo. Kumbuka mambo matatu. Tarehe ni ya ubatizo, na wengine walibatiza watoto wanne siku moja. Kabla ya 1752 mwaka rasmi ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1720 ya daftari kwetu ni Februari 1721. Iandike 1720/21 usibishane na mtu. Na maneno ya undugu hayakuwa na maana ya leo: "mother-in-law" aliweza kuwa mama wa kambo, "cousin" akawa jamaa yeyote. Kwa anayetumia neno "ndugu" kila siku hilo halishangazi.

Mwandiko ukikushinda, omba msaada wa kusoma, lakini tuma ukurasa mzima. Msomaji mzoefu hutafuta herufi ileile katika maneno mengine ya mwandishi yuleyule, ndipo ajue kama ni L au S. Na usiseme unadhani ni neno gani; ukilitaja, kila atakayetazama ataliona hilohilo. S ya zamani iliyorefushwa hufanya Ross ionekane Rofs. "Jas" ni James, "Jos" ni Joseph, "Jno" ni John.

Majibu yatakuja, mengine yakiwa mti mzima wa ukoo hadi 1600. Asante kwanza, kisha uukague. Miti kumi inayokubaliana mara nyingi ni mti mmoja ulionakiliwa mara tisa. Tazama kama mama hana miaka 56 siku ya uzazi, na kama familia ya wakulima wasio na uwezo haikuruka ghafla kutoka Kent, kusini-mashariki, hadi Cumberland, kaskazini-magharibi. Kisha fanya jambo ambalo wanaoanza hawafanyi: tafuta maziko ya mtoto. Ubatizo wa Thomas mwaka 1790 wenye jina la baba sahihi hauna faida kama Thomas huyo alizikwa 1791, na wazazi mara nyingi walimpa mtoto aliyefuata jina lilelile. Ukimkataa mtu, andika kwa nini, la sivyo utakutana naye tena mwakani umfurahie upya.

Adabu ni chache. Uliza swali moja kwa wakati mmoja. Usitaje majina ya walio hai. Usiombe picha kutoka tovuti za kulipia, kwani unamwingiza mwenzako kwenye kuvunja masharti. Omba akutazamie tu na akuandikie alichokiona. Na cheti kikifika, rudi ueleze kilisema nini, hata kama kimeonyesha aliyekusaidia alikosea. Mwingine anayemfuata Thomas yuleyule ataanzia hapo.