Kocha akimtaka mwanao kwenye futiboli, uliza haya kwanza

Joto la Agosti likishika hapa Houston, simu za wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki huanza. Kijana amerefuka, ana mabega, kocha wa shule anamtaka kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti. Mama hataki, mtoto kanuna, tufanyeje? Mwanangu alicheza mstari wa mbele, lile kundi la majitu linalomkinga kwotabeki, yule mrusha mpira, tangu sekondari hadi chuo. Nitasema ninayoyajua.

Sikwambii umkataze. Ila usimruhusu kwa ajili ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu.

Takriban vijana milioni moja hucheza mchezo huu katika sekondari za Marekani. Timu za NFL ni 32, na kila mwaka huchagua wachezaji wapya kwa raundi 7, majina kama 250 hivi. Tena kuchaguliwa si kuajiriwa. Timu huingia kambini na watu 90, na Agosti inapoisha orodha lazima ishuke hadi 53. Aliyechaguliwa raundi za mwisho husaini mkataba wa miaka 4, lakini fedha nyingi humo hazina dhamana: akiachwa leo, mshahara wa kesho haupo. Kwa hiyo ukisikia fulani kasaini mamilioni, uliza kiasi kilichohakikishwa ni kipi. Hicho ndicho chake. Chama cha wachezaji wenyewe kimekuwa kikitaja wastani wa ajira wa miaka mitatu na kidogo.

Hapo mtu hunitajia Daniel Adongo. Kweli, Mkenya yule alitoka kwenye raga, akasajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya NFL, mwaka 2013 bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya mchezo huu, na sote tulijivunia. Alicheza mechi chache, na 2015 akaachwa. Hata Christian Okoye wa Nigeria, aliyekuja California kurusha kisahani na mwaka 1989 akaongoza NFL nzima kwa yadi za kukimbia na mpira, 1,480, alikuwa amemaliza baada ya msimu wa 1992. Na huyo ndiye aliyefanikiwa!

Malipo ambayo kijana wa kawaida anaweza kuyapata ni masomo ya chuo. Hapo ndipo uweke nguvu zako. Ili acheze daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, anahitaji masomo 16 ya msingi wanayoyatambua, yenye wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0, na si kila somo la sekondari linahesabiwa. Nenda kwa mshauri wa masomo mtoto akiwa darasa la tisa, mkague orodha pamoja. Ukingoja darasa la kumi na mbili, umechelewa. Texas inakusaidia kidogo: anayepata chini ya 70 kwenye somo husimamishwa kucheza kwa muda.

Makocha wa vyuo watakuja nyumbani. Wakaribishe, wapikie pilau, kisha uliza. Ufadhili huu ni wa miaka yote au unahuishwa kila mwaka? Akivunjika goti, nani analipia matibabu, na masomo yanaendelea? Anaweza kusoma uhandisi na bado akahudhuria mazoezi? Mmoja, nilipomuuliza hilo la uhandisi, alianza kunisifia vyumba vya kubadilishia nguo. Tulimshukuru kwa kuja.

Kuhusu kichwa sina utani. Mwaka 2002, Dk. Bennet Omalu, Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, nyota wa Steelers, timu ya mji huo, akakuta ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Webster alicheza mstari wa mbele, kama wangu. Hatari si ile ajali kubwa ya kubebwa kwa machela tu, hata mapigo madogo ya kila siku mazoezini yanajumlika. Muulize kocha mazoezi ya kugongana ni dakika ngapi kwa wiki. Akijibu kwa kucheka, umeshapata jibu. Mtoto akishukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, sheria ya Texas inataka daktari aandike ruhusa na mzazi asaini kabla hajarudi uwanjani. Saini yako isifuate ratiba ya mechi ya Ijumaa.

Walio na watoto wenye viza ya mwanafunzi: siku hizi wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, lakini viza hiyo ina masharti yake kuhusu kazi. Mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla kijana hajasaini chochote, hata tangazo la duka la viatu.

La mwisho ni chakula. Wa mstari wa mbele hulishwa hadi wavuke kilo 130, na mpira ukiisha tumbo halijui kwamba umeisha. Kwa koo zetu zenye sukari na presha, panga na daktari namna ya kuupunguza uzito huo tangu mwezi ule ule anaoacha kucheza. Nyumbani kwangu ugomvi mkubwa sasa hivi ni sahani ya pili ya ugali.